Kuvumbika na Kuvumbua

Jirani yangu wa Ruti, kitongoji kilicho ng'ambo ya mto Rwizi kwa mtu atokaye mjini Mbarara, kwenye barabara iendayo Kabale ambako malori ya Rwanda na Kongo hulala yakingojea alfajiri, ana desturi ya kuchimba shimo nyuma ya nyumba yake kila migomba yake inapozaa kwa wingi. Hulikokea moto wa majani makavu hata udongo ukashika joto, akazoa majivu, akatandika majani mabichi ya mgomba, akapanga humo vichane vya ndizi za kukamua, kisha akavifunika kwa majani mengine na udongo juu yake, akaenda zake kana kwamba hapana lililotendeka. Siku ya tano hulifungua. Mvuke mtamu humpanda usoni, vijidudu vya ndizi hutokea visikojulikana, na ndizi zilizoingia shimoni ngumu kama vigae hutoka laini, rangi ya manjano, hata mtoto wa miaka mitatu huzimenya pasipo taabu. Nimemtazama mara nyingi akifanya kazi hiyo, na siku moja, nikiwa nimesimama kando ya shimo na kikombe mkononi, nikingoja zikamuliwe ninywe maji yake kabla hayajachacha yakawa kitu ambacho dini yangu hainiruhusu, nikazindukana kwamba neno nililolifundisha darasani kwa miaka zaidi ya 20 sikuwa nimepata kulifahamu.

Neno lenyewe ni kuvumbua. Watu husema Laveran alivumbua vimelea vya malaria, na Koch akavumbua vijidudu vya kifua kikuu, nao hulisema kama kwamba maana yake ni kuleta duniani kitu ambacho hakikuwako. Walakini aijuaye lugha yetu anajua kwamba kufunua ni kinyume cha kufunika, kuanua ni kinyume cha kuanika, kubandua ni kinyume cha kubandika. Na kwa kanuni iyo hiyo kuvumbua ni kinyume cha kuvumbika, kazi ile ya jirani yangu ya kuziweka ndizi shimoni, au ya mama anayetia viazi katika majivu ya moto. Mtu hawezi kuvumbua kisichovumbikwa. Kuumba ni kwa Mwenyezi Mungu, kubuni ni kwa fundi na mshairi, na mvumbuzi ni mtu aliyeondoa majani juu ya shimo ambalo hakulichimba yeye. Wahenga waliotuachia neno hili hawakuwa wamesikia habari za hadubini, wala sidai kwamba waliiona sayansi kabla haijaja. Lakini naona wametupa picha iliyo bora kuliko ile ya sanamu za mashujaa, maana ndani yake mna watu watatu: aliyevumbika, aliyevumbua, na wale waliokuwa wamekaa kando ya shimo muda wote huo na njaa yao. Habari za wa kwanza zimo katika vitabu vya dini, za wa pili zimo katika vitabu vya shule. Mimi nataka kusema habari za hao wa tatu.

Kabla ya kuhamia Ruti niliishi Nakivale, makazi yale ya wakimbizi katika wilaya ya Isingiro, kando ya ziwa lenye jina lilo hilo, yaliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya watu waliokuwa wakiikimbia Rwanda, na ambayo tangu hapo yamewapokea Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo, hata wakazi wake wamezidi laki moja, na lugha wanayouziana na kununuliana, kugombana na kupatana, mara nyingi ni Kiswahili hiki. Msimu mmoja wa mvua tulimzika mtoto wa kike, umri wake haujatimia miaka minne, aliyechukuliwa na malaria katika siku tatu. Shehe akasema maneno ambayo husemwa makaburini, kwamba muda wa mja ukifika hausogei mbele wala nyuma, na kwamba hii ni amri ya Mungu, nasi tukaitika. Tulipokuwa tukirudi, kijana mmoja Mkongo, anayepima damu katika zahanati moja, akanishika mkono akanichelewesha nyuma ya wenzetu, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Mwalimu, mimi nilimwona mdudu wake. Siku ya kwanza ile, kwa macho yangu, kwenye kioo. Dawa ndiyo haikuwako."

Tukaenda hatua kadhaa kimya, matope yakivuta viatu vyetu, kisha akaongeza: "Sasa amri ya Mungu ilikuwa wapi, kwa mdudu au kabatini?"

Sikumjibu, na haya niyaandikayo ni jibu lililochelewa.

Wako watakaosema kwamba swali lake ni la mtu aliyekwisha kuiacha dini. Watu hao, na wenzao walioiacha kweli, wana rai moja ingawa hawajui kuwa wanaishiriki: wanadhani kila sababu inayovumbuliwa humsukuma Mungu hatua moja nyuma, kwamba jana alikuwamo katika radi, ikajulikana radi ni nini, akaondoka, kwamba alikuwamo katika homa, akaonekana mbu, akaondoka tena. Kundi moja linaifurahia rai hiyo na kundi jingine linaiogopa, na yote mawili yamemweka Mola wao katika shimo la mambo yasiyojulikana, mahali ambapo mimi nisingethubutu kumweka. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alishikilia kwamba pamba haiungui kwa nguvu ya moto wenyewe, ila kwa ada aliyoiweka Muumba; Ibn Rushd wa Kordoba akamjibu katika karne iyo hiyo kwamba akanushaye sababu amekanusha akili. Ugomvi wa mabwana hao siuwezi. Nitasema tu kwamba neno sababu, tulilolipata kwa Waarabu, asili yake ni kamba, ile ambayo mtu huikamata akafikia kitu kilicho mbali naye, na sijapata kusikia kwa ye yote kati yao kwamba kamba ikionekana, basi kisima kimekauka.

Kisa kinifaacho zaidi ni cha mtawala, wala si cha mwanafalsafa. Khalifa Umar bin al-Khattab alikuwa safarini kwenda Sham, akafika mahali paitwapo Sargh, akapokewa na habari kwamba tauni, ile ambayo historia inaiita ya Amwas, imeingia katika nchi iliyo mbele yake. Akataka shauri, watu wakahitilafiana, naye akaazimia kurudi Madina. Abu Ubayda, jemadari wake na sahibu wa tangu zamani, akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akasema ndivyo, anaikimbia kadari ya Mungu aiendee kadari ya Mungu, akampigia mfano wa mchungaji aliyeshuka na ngamia wake katika bonde lenye upande wa majani na upande mkavu, ambaye popote atakapolisha hakutoka katika makadirio. Mfano huo hapa Ankole hauhitaji mfasiri: mwenye ng'ombe wake wa pembe ndefu wakikonda hali majani yako ng'ambo ya kilima, na yeye ayajua, majirani hawatampa pole; watamwuliza. Umar akarudi. Abu Ubayda akabaki na jeshi lake, tauni ikamchukua. Waislamu huwaombea radhi wote wawili, jambo ambalo nimelipenda siku zote.

Ninalolipata katika kisa hicho ni kwamba kujua hakumtoi mtu katika kadari. Humtia katika hisabu. Mchungaji asiyejua kuwa nyuma ya kilima pana malisho hana lawama, ajuaye anayo, na aliyeuweka uzio kati ya ng'ombe na malisho anayo iliyo kubwa kuliko zote. Wanazuoni wetu wana neno lake, taklifu, nao ni ule mzigo wa wajibu unaomkalia mtu tangu apatapo akili ya kuubeba. Mvumbuzi, basi, alifunuapo shimo lake, huyahamisha mauti fulani kutoka daftari la misiba akayaandika katika daftari la madeni, na sisi wengine tunaamka asubuhi tumekuwa wadeni wa kitu ambacho jana hatukukijua. Tarehe 6 Novemba 1880, katika hospitali ya jeshi mjini Constantine, nchini Algeria, Alphonse Laveran aliona katika damu ya askari vitu vyenye uhai vikichezacheza; tarehe 20 Agosti 1897, huko Secunderabad nchini India, Ronald Ross akaviona katika tumbo la mbu. Kabla ya siku hizo mbili, baba wa yule mtoto wa Nakivale angalimzika mwanawe kwa huzuni tupu. Baada yazo anazika kwa huzuni na swali. (Na kwa kuwa nimeahidi kuwataja waliokaa kando ya shimo: mbu wa Ross walinyonya damu ya mgonjwa aitwaye Husein Khan, aliyelipwa ana moja kwa kila mbu aliyemwuma. Ross alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1902.)

Laiti mzigo huo ungemkalia kila ajuaye kama ulivyomkalia kijana yule njiani. Lakini maarifa yana namna mbili za kumwingia mtu. Humwingia mmoja kama deni, mwingine yakamwingia kama hati ya kumiliki, na nchi hii ya Uganda imeziona namna zote mbili, ya pili ikitangulia.

Mwanzoni mwa karne ya 20 malale iliziangamiza pwani za ziwa Viktoria upande wa Busoga na Buganda, hata inakadiriwa watu zaidi ya 200,000 walikufa. Mwitalia Aldo Castellani, akifanya kazi Entebbe, aliona vimelea katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, na mwaka 1903 David Bruce akaonyesha kwamba mbung'o ndiye mchukuzi wao. Huu ni uvumbuzi wa haki na wa faida, nami sitaki mtu adhani naudharau. Ila angalia ulivyotumika. Mtawala wa Kiingereza, Hesketh Bell, alipokwisha kujua kuwa inzi anakaa ufukweni, aliamuru watu waondolewe ufukweni kuanzia mwaka 1906, na baadaye visiwani pia, wakaacha nyumba, mitumbwi, migomba na makaburi. Kisiwani Bubembe, katika visiwa vya Sese, ndipo palipokuwa mahali pakuu pa ibada ya Mukasa, ambaye Waganda wa kale walimjua kuwa ndiye mwenye ziwa, mgawaji wa samaki na watoto. Sisi watu wa Kitabu tunaweza kumwita Mukasa jina lo lote tulitakalo. Hata hivyo nimejiuliza mara kwa mara jinsi alivyosafiri mtu yule aliyeambiwa kwamba anahamishwa kwa sababu ya inzi, akaukalia mtumbwi akiupa kisogo ufukwe wa mungu wake, na kama kuna aliyemweleza, kwa lugha aijuayo, uhusiano wa mambo hayo mawili. Maradhi yalipungua, ni kweli. Waliporuhusiwa kurudi, miaka zaidi ya kumi baadaye, msitu ulikuwa umekwisha kuyala mashamba.

Na visiwani humo humo, kabla ya kuhamishwa watu, alikuwa amefika Robert Koch, tabibu wa Kijerumani aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1905 kwa kazi yake juu ya kifua kikuu, mtu ambaye jina lake lilikuwa likitajwa duniani kote kwa heshima, na kwa haki. Alipiga hema kisiwani Bugala mwaka 1906, akawakusanya wagonjwa wa malale kwa mamia, akawadunga atoksili, dawa yenye aseniki ndani yake. Wakapata nafuu; kisha maradhi yakarudi; naye akaongeza kipimo. Baadhi yao wakapofuka, wasione tena maisha yao yote. Alipoondoka mwaka 1907 alikuwa akitoa shauri kwamba wagonjwa wakusanywe katika kambi wakatengwe na wazima. Sisemi Koch alikuwa mtu mwovu. Nasema alijua kitu kimoja ambacho watu wa Sese hawakukijua, na ujuzi wa kitu hicho ukampa ujasiri kama wa mtu aliyejua vyote. Aliyemkuta amekaa kando ya shimo akamhesabu kuwa ni sehemu ya shimo. Mtu aliyeishi Nakivale hulisikia neno kambi kwa sikio lake mwenyewe. Amezoea kuhesabiwa, kupangwa safu, kuambiwa kipande chake cha ardhi kitapimwa wapi, na watu walio na karatasi ambayo yeye hajaisoma. Na wengi wa watu hao, kama Koch, ni watu wema.

Katika miaka ya 1980 shimo jingine likafunuliwa karibu zaidi na hapa. Huko Kasensero, wakati huo katika wilaya ya Rakai, wavuvi na wachuuzi walianza kukonda na kufa, na watu wakasema ni uchawi wa wafanyabiashara wa Tanzania waliodhulumiwa mali zao, yaani wakauona ugonjwa kuwa ni deni linalodaiwa kwa njia nyingine. Mwaka 1985 David Serwadda na wenziwe wakaandika katika jarida la Lancet kwamba maradhi hayo, yaliyoitwa Slimu, yanahusiana na kirusi ambacho leo tunakiita cha Ukimwi. Lawama ya uchawi ikaanguka, na kabla haijagusa chini ikadakwa na mimbari zetu, za misikiti na makanisa sawasawa, zikaiita zinaa, zikamtwika mgonjwa. Hilo silizidishii maneno, waliohubiri wanajijua.

Lililo la ajabu zaidi lilitokea baadaye, nalo liliigusa Mbarara. Dawa za kukizuia kirusi zilipokwisha kupatikana kwa matajiri, ilizuka hoja kwamba Waafrika wasipewe, maana zinatakiwa zimezwe kwa saa maalumu. Na mwaka 2001 Andrew Natsios, aliyekuwa mkuu wa shirika la misaada la serikali ya Marekani, alisema hadharani kwamba Waafrika wengi hawajapata kuona saa maishani mwao, na wakiambiwa wakati wa kumeza dawa hawatafahamu wanaambiwa nini. Hayo yalisemwa juu ya watu ambao lugha yao huanza kuhesabu saa pale pale jua linapochomoza, na ambao kwao saa sita ni jua utosini, hakuna haja ya ufunguo wala betri! Watafiti, baadhi yao wakifanya kazi na wagonjwa wa hospitali ya hapa Mbarara, wakaamua kuhesabu badala ya kubahatisha. Mwaka 2006 jarida la chama cha madaktari wa Marekani likachapisha majumuisho ya tafiti nyingi: kwa kila wagonjwa 100 wa Afrika kusini mwa Sahara, 77 walikuwa wakizifuata dawa zao ipasavyo, wa Amerika ya Kaskazini walikuwa 55.

Namjua hapa Ruti mama mmoja Mkatoliki, mwuza nyanya, ambaye kwa miaka mingi alimeza kidonge chake cha asubuhi watoto wa shule wakiisha kupita wote, na cha usiku aliposikia adhana ya Isha kutoka msikitini, na alipata kuniambia kwamba mwadhini wetu hajui ni watu wangapi anaowaamsha. Ukiniuliza, uvumbuzi ule wa 2006 si mdogo kuliko wa Laveran, ijapokuwa hakuna aliyepewa tuzo kubwa kwa ajili yake. Hoja ya saa ilikuwa ni kadari ya bandia, iliyoandikwa na mwanadamu kisha ikanasibishwa na maumbile ya watu. Ilipofunuliwa, kabati lile ambalo kijana aliniuliza habari zake likabaki wazi mbele ya macho ya watu, na ndani yake hamna kitu ila sababu za wenye ufunguo.

Basi kwa kijana yule ningesema hivi: amri ya Mungu ilikuwa kwa mdudu na kabatini pia, lakini ya kabatini tulikuwa tumeambiwa sisi tuitekeleze. Shehe hakusema uongo pale kaburini. Alisoma nusu ya habari, ile nusu inayomfariji mama, na saa ile ndiyo iliyopasa kusomwa; nusu ya pili ilipaswa kusomwa kesho yake, mahali pengine, mbele ya watu wengine, na hakuna aliyekwenda kuisoma, mimi nikiwamo.

Nilirudi Nakivale mwaka jana kuwatazama jamaa, nikapita kwake. Bado anapima damu. Akanikalisha kwenye kibao chake, akaniwekea kioo chini ya hadubini, akadondosha tone la mafuta, akaniambia nifumbe jicho moja na nisipumue kwa nguvu. Mwanzoni niliona kope zangu tu. Kisha ukatulia mduara wa mwanga, na ndani yake chembe za damu rangi ya waridi iliyochujuka, nyingi, zimelala kama sarafu zilizomwagwa juu ya mkeka. Na ndani ya moja yao pete ndogo ya samawati yenye kito cha zambarau upande mmoja, nyembamba, imechorwa vizuri kuliko maandishi yangu. Nikaitazama kwa muda mrefu. Nilitaka kuichukia nikashindwa, kwa vile ilivyokuwa nzuri.

"Ni ya nani?" nikamwuliza.

"Ya asubuhi hii, Mwalimu. Mwenyewe yuko pale nje, kwenye benchi. Na leo dawa ipo."

Nikatoka. Kwenye benchi alikuwako mwanamke mmoja, mwanawe wa kiume amemlalia mapajani, mdomo wazi, kipande cha ndizi kimeshikwa mkononi bila ya kuliwa. Akainua macho akaniamkia kwanza, kama ilivyo adabu kwa mtu wa makamo yangu: "Jambo, papa." Nami nikaitika, "Jambo, mama," nikasimama hapo na fimbo yangu, nikijua habari ya mwanawe ambayo yeye alikuwa bado hajaambiwa.